Mwaka Tuliobisha Hodi kwa Ajili ya Bi Loretta

Tulimzika Bi Loretta mjini Buffalo, mbali na Louisville alikoishi karibu maisha yake yote, kwa kuwa uzeeni alihamia kwa binti yake na mauti yakamkuta huko. Niliendesha gari kutoka Kentucky, nikapitia Columbus kumchukua Wairimu, ambaye siku hizi ni mwalimu wa chuo kikuu na nywele zake ameziachia mvi bila kuzipaka rangi. Tukaendelea wawili kuelekea kaskazini, tukizungumza habari za magoti yetu na za watoto tunaowasemesha Kiswahili nao wakatujibu Kiingereza. Kanisani upepo wa ziwani ulikuwa ukitikisa milango. Mchungaji alisoma wasifu wa marehemu kwa sauti nzuri: ndoa yake, saluni yake, kwaya, wajukuu, keki zake za ndizi. Katikati ya hayo akasema, "Mara moja aligombea udiwani, hakufaulu." Watu wakacheka kicheko kidogo cha upendo, naye akaendelea na wajukuu. Wairimu alinifinya mkono. Baadaye, katika ukumbi wa chini ya kanisa, tulipokuwa tukila kuku wa kukaanga na makaroni ya jibini, aliweka uma chini akasema, "Ati hakufaulu. Dezire, wewe si unaandika? Andika hii kitu." Nami nilikuwa nimekwisha kuianza kichwani tangu pale kwenye benchi.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na saba. Habari za jinsi tulivyotoka Burundi, tukakulia kambini Kigoma na hatimaye tukaletwa Marekani nitaziacha. Wengi wamezisimulia, na baadhi yao vizuri. Nianzie Januari, nilipoapishwa kuwa raia, nikapewa kibendera kidogo, nikakichomeka kwenye kikombe cha miswaki kwa sababu sikujua pahali pengine pa kukiweka. Nilikuwa nikikaa South End na vijana wenzangu wawili Warundi, katika apatimenti ya ghorofa ya pili iliyonuka dagaa kila Jumapili. Kazi yangu ilikuwa Jeffersontown, kufunga maboksi kwenye ghala la vipuri, na kwa kuwa gari sikuwa nalo, nilikwenda kwa basi la jiji. Siasa nilikuwa mbali nazo. Sisi tuliolelewa kambini tuliujua uchaguzi kwa dalili moja tu: nyumbani wakipiga kura, baada ya muda wageni wanaingia kambini na magodoro vichwani. Ndiyo maana masika yale, vibao vya wagombea vilipoanza kuchomoza kwenye nyasi za mitaa yetu, niliviangalia kama mkulima aliyeanika mazao anavyoangalia wingu. Kilichonishangaza ni nyumba mbili karibu na kituo cha basi. Moja ilikuwa na kibao cha mgombea huyu na nyingine cha mpinzani wake, na wenye nyumba hizo walikuwa wakiazimana mashine moja ya kukatia nyasi. Nilimwona mmoja wao akiirudisha kwa mwenzake, na kabla ya kuirudisha aliisafisha.

Saluni ya Bi Loretta ilitazamana na kituo hicho. Huko Kentucky mwanamke mzima huitwa kwa neno la heshima likifuatiwa na jina lake la kwanza, na kwa Kiswahili chetu neno hilo likawa Bi. Sikumjua bado. Siku moja ya mvua, basi limechelewa nami nimelowa mpaka soksi, mlango wa saluni ulifunguka, na mwanamke mweusi mnene mwenye aproni ya zambarau akanipigia kelele.

"Kijana! Unapenda kunyeshewa, au hujaona kwamba hapa kuna paa?"

"Nimeona, mama. Lakini mimi si mteja."

"Na kichwa hicho hutakaa uwe mteja," alisema, maana nilikuwa nimenyoa upara. "Ingia."

Ndani kulikuwa na joto, harufu ya mafuta ya nazi na ya nywele zilizopitishwa pasi, na wanawake watatu waliokaa chini ya mashine za kukaushia kama wanajeshi wenye kofia za chuma. Aliniuliza ninakokwenda. Nikamwambia Jeffersontown. "Kuna maneno kwamba basi hilo litaondolewa kwenye bajeti," alisema. "Wakiliondoa utafanyaje?" Nikamjibu kwamba kazi yangu itakuwa imekwisha. Akaniuliza kama mimi ni raia, nikasema tangu Januari. Basi aliweka kitana chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akaninyoshea mkono wa kulia. "Kama ni hivyo, naomba kazi kwako. Nagombea udiwani wa eneo hili. Wewe ndiye mwajiri." Wale wanawake walicheka, lakini yeye hakucheka. Mimi nilitoka kwa watu ambao kura huchukuliwa kwao. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akiiomba, tena amesimama na kusubiri jibu. Nilimpa mkono, basi likaja, nikaenda kufunga maboksi siku nzima nikimfikiria mwanamke yule.

Kufikia Mei nilikuwa nimempigia kura kwenye mchujo wa chama chake, na kufikia Juni nilikuwa mtu wa saluni. Wateja wakiondoka jioni, mahali pale paligeuka ofisi ya kampeni. Tulikaa kwenye viti vya mashine za kukaushia tukipiga simu, vipeperushi vikiwa vimerundikwa ndani ya masinki ya kuoshea nywele, na katikati ya meza ya rangi za kucha palikuwa na sufuria ya maharage ya Bi Loretta na mkate wa mahindi aliouoka mwenyewe. Meneja alikuwa kijana mweupe mwenye ndevu nyekundu, jina lake Craig, aliyekuwa amewahi kuendesha kampeni nyingine na aliyekula akiwa amesimama. Mpinzani wetu alikuwa diwani aliyekuwepo, muuza magari mwenye mabango makubwa barabarani na sauti yake redioni kila asubuhi. Sisi tulikuwa na vibao vya nyasini, maharage na midomo.

Wairimu alikuja kiangazi, akakaa Louisville mpaka siku ya kura. Alikuwa Mkenya anayesomea shahada ya juu Columbus, na utafiti wake wote ulihusu swali moja: ni nini hasa kinachomtoa Mmarekani nyumbani kwake akapige kura? Alikuwa mrefu, msemaji, na raba zake zilikuwa zimelika visigino kwa kutembea milango ya watu. Sheria ilimruhusu mgeni mwenye viza ya masomo kujitolea, bila kulipwa, bila kuchanga, na bila kuwa na neno katika maamuzi ya kampeni, naye aliishika sheria hiyo kama mtu anavyoshika saumu. Craig alipomuuliza kama tununue matangazo ya redio au tuchape vipeperushi zaidi, aliinua mikono juu. "Mimi niulize watu wanasema nini mlangoni, nitakwambia. Hiyo ya kununua, uliza wenye nchi." Nilimwangalia mara nyingi mwaka ule, nikastaajabu. Alikuwa akiwaandalia wengine karamu, wakati yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuonja.

Craig alikuwa na programu ya simu iliyoonyesha ramani ya eneo letu lote, na kila mlango uliostahili kubishwa ulikuwa na nukta. Nilipotafuta majengo ya apatimenti zetu niliona weupe mtupu.

"Hapa tunakaa watu wengi sana," nilimwambia.

"Najua. Lakini hawana historia ya kupiga kura," alijibu. "Nikikupeleka kwa asiyepiga kura, nimekosa mlango wa anayepiga. Muda hautoshi, ndugu yangu."

"Simu inakumbuka waliopiga zamani," Wairimu aliniambia kwa Kiswahili. "Hawa wamekuwa raia juzi. Haiwezi kuwajua." Kisha akanyamaza, akanitazama, na nikaelewa kwamba asingeweza kuongeza neno, la kuongeza lilikuwa langu. Nikamwambia Craig kwamba Jumamosi zangu ni zangu, na nitabisha milango ya kwetu hata kama haina nukta. Bi Loretta alikuwa akimwosha dada yake nywele sinkini. Bila kugeuka alisema, "Craig, mpe kijana nukta zake."

Kabla sijaanza, Wairimu alinipeleka Columbus nikafundishwe kubisha hodi. Alikuwa amepanga chumba cha juu katika nyumba ya matofali mekundu karibu na chuo, mitaa ambayo kila baraza ina kochi lililobonyea na mwanafunzi amelala juu yake. Wenzake Wakenya walikuwa wamepika ugali, nyama ya kuchemsha, na yale majani mapana ya Kimarekani wanayoyafanya sukuma wiki. Chumba kilikuwa kidogo hata tulikula wengine tumekaa kitandani, sahani magotini. Hapo ndipo nilipowasikia wasomi wakibishana juu ya jambo ambalo mimi nilidhani halina ubishi, kwamba anayeshinda hushinda kwa sababu ana nguvu. "Wewe wacha," alisema Otieno, mwanafunzi wa uchumi, "hii nchi ni pesa. Mwenye matangazo mengi kwa TV ndiye anaenda." Chebet, aliyesomea uuguzi, alimkatiza. "Pesa gani? Watu wanaangalia kama mtu anafanana na wao. Rangi, kanisa, hata vile anatamka jina la mtaa wao." Mwingine akasema enzi hizi ni za simu: kila mtu anaonyeshwa kile kitakachomkasirisha, halafu anaenda kupiga kura na hasira yake. Wairimu aliwaacha wamalize.

"Yote ni kweli," alisema, "na bado hayatoshi. Chukua majirani wawili, mshahara mmoja, rangi moja, TV moja. Mmoja anaenda kupiga kura, mwingine anakaa. Mara nyingi yule aliyeenda, kuna mtu alimuomba. Uso kwa uso. Mtu anamjua."

"Mtu kama nani?"

"Kama huyu," akaninyoshea mwiko.

Wakanigeukia wote. Chebet aliniuliza ni nini kingewazuia watu wangu, na mimi nikasema neno moja, hofu. Nilidhani watacheka. Otieno aliweka chini tonge alilokuwa akilifinyanga. "Hiyo naijua," alisema polepole. "Sisi mwaka mmoja tulipiga kura asubuhi, wiki ikiisha tunalala kanisani na blanketi za kuazima." Halafu Wairimu akapiga makofi, akasema twende kazi. Jioni yote Otieno alisimama nyuma ya mlango wa bafu akiigiza mwenye nyumba mkorofi, mimi nikibisha, naye akinifungia mlango usoni huku akicheka mpaka machozi. Siku hizi kila uchaguzi simu yangu hujaa ujumbe wa watu nisiowajua wanaoniita kwa jina langu la kwanza, na kila tangazo linanitaka nimwogope mtu fulani. Wataalamu nao huketi kwenye televisheni wakieleza nani atashinda na kwa nini. Mimi nikiwasikiliza hukiona chumba kile, sahani magotini, na tonge la Otieno likipoa.

Mlango uliokuwa mgumu kuliko yote ulikuwa wa Mama Venansia. Alikuwa mama wa Kirundi mwenye umri wa kuwa mama yetu sote, aliyefanya kazi ya kukunja mashuka hotelini, na kwenye majengo yetu hakuna ndoa wala msiba uliopita bila neno lake. Sebuleni kwake makochi yalivaa vitambaa vyeupe vya kufuma, televisheni ilikuwa ikiwaka bila sauti, na huwezi kuanza kusema lolote kabla hujala maharage na ndizi. Nilipomaliza kula nikamweleza habari za kura. Alinisikiliza, kisha akaniwekea simu mezani ikiwa na ujumbe wa sauti. Mtu asiyejulikana, kwa Kiswahili kilichonyooka, alikuwa akionya kwamba atakayepiga kura atafutiwa msaada wa chakula, na mafaili ya ndugu zake walioko kambini wakingoja kuletwa Marekani yatafungwa. Ujumbe ule ulikuwa umezunguka makundi yote ya simu. Papa Justin, jirani Mkongomani aliyekuwa amekuja kuazima bisibisi, alitikisa kichwa. "Bon, mimi niliona uchaguzi yetu kule," alisema. "Uchaguzi inapita, donc risasi inapita nyuma yake. Dezire, acha watu wakae."

"Mimi nilipiga kura Mei," niliwaambia. "Na binamu yangu kambini aliitwa kwenye usaili Juni. Faili lake halikufungwa."

Mama Venansia aliichukua simu yake mezani. "Huyo mama yako wa nywele," alisema, "mlete hapa nimwone."

Bi Loretta alikuja Jumapili, bila Craig, na keki ya ndizi mkononi. Alivua viatu mlangoni kwa kuwa aliona vyetu, akala maharage na ndizi, akaomba aongezwe, nami nikakaa katikati nikitafsiri. Mama Venansia hakumuuliza kodi, wala shule, wala basi. Alisema, "Mwulize: akishindwa, atafanya nini?"

Nilitafsiri. Bi Loretta alidhani hakusikia vizuri, ikabidi nirudie. "Nikishindwa?" aliuliza.

"Ndiyo. Siku ile ile. Na kesho yake. Yeye na watu wake," alisema Mama Venansia.

Nadhani hapo ndipo Bi Loretta alipoelewa amekaa kwa nani. Hakutabasamu, wala hakusema maneno ya jukwaani. "Mwambie nitalia kidogo," alisema, "halafu nitampigia mwenzangu simu kumpongeza. Kesho yake saa tatu asubuhi nitafungua saluni, kwa sababu kuna bibi mmoja anakuja kutiwa rangi kila Jumatano na hapendi kungojeshwa." Nikatafsiri. Papa Justin, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliguna. Mama Venansia alivuta kikombe cha mgeni wake. Alimwongezea chai.

Oktoba kikaja kipeperushi. Kilifika kwa posta kwenye nyumba za watu, karatasi nene ya kung'aa, na juu yake palikuwa na picha iliyopigwa kwenye chakula cha kanisa letu: Bi Loretta katikati, Mama Venansia kulia akiwa na kitenge chake cha njano, mimi kushoto nimeshika sahani. Chini yake iliandikwa: Atakutumikia wewe, au hawa? Hakikuwa na jina la mgombea. Kilitumwa na kundi la nje lenye fedha, moja ya yale makundi yanayoingia kwenye uchaguzi wa watu bila kuishi nao. Diwani alisema redioni kwamba si chake na hakipendi, na Bi Loretta alimwamini. Mimi nilikiona kwanza kazini, mikononi mwa supavaiza wangu, aliyekiangalia, akaniangalia, akakikunja akakitia mfukoni. Sijui hadi leo alikuwa na maana gani. Ninachokumbuka ni masikio yangu yakiwaka moto, na mikono yangu ikiendelea kufunga maboksi yenyewe.

Jioni ile tulikutana saluni. Craig alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke, alitaka tushinde. Alisema kwamba mpaka siku ya kura Bi Loretta abaki upande wa nyumba za wenyeji, picha na sisi zisimame kidogo, na Jumapili asije kanisani kwetu. "Ni wiki mbili tu," alisema. "Akishinda, atawatumikia miaka yote." Bi Loretta alikuwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe cha wateja, akazunguka nacho polepole, akamtazama Wairimu. Wairimu alikuwa ameuma mdomo. Nilijua ana maneno ya kujaza chumba. "Mimi siwezi kusema, Bi Loretta," alisema. "Mwulize Dezire. Yeye ni raia, na picha ni yake."

Sikuwa nimejiandaa. Nilisimama, ingawa hakuna aliyeniambia nisimame. "Ukiacha kuja," nilisema, "mimi sitawaambia watu ni kwa nini. Sitahitaji. Watu wetu wamezoea kuachwa, wanajua kuachwa kunavyofanana. Nitaendelea kubisha milango kwa ajili yako, kwa sababu nilikupa mkono. Lakini Mama Venansia hatafungua."

Bi Loretta aliinuka, akachukua kile kipeperushi, akakibandika kwenye kioo kikubwa cha mbele, mahali ambapo kila mteja lazima atakiona akitengenezwa nywele. Akarudi nyuma hatua mbili kukitazama. "Picha imetoka vizuri," alisema. "Venansia amependeza." Nilipokwenda kumweleza Mama Venansia habari hizo nilikuwa na wasiwasi kwamba ataona aibu ya kuanikwa mjini kote. Alikishika kipeperushi karibu na macho. Kwanza alilalamika kwamba wamempiga picha amefumba jicho moja. Kisha akakisoma tena kwa kidole. "Hawa watu wamelipa posta kuwaonya wengine juu yangu," alisema. "Mimi, wa kukunja mashuka. Basi kura yangu ina uzito kuliko nilivyodhani."

Siku ya kura ilikuwa Jumanne, siku ya kazi, na Kentucky vituo hufungwa mapema jioni. Mtu wa shifti ya mchana akikosa usafiri, kura yake imekwisha. Wairimu alikuwa amewapanga wenye magari wa kanisani tangu alfajiri, akisimama kwenye maegesho ya apatimenti zetu na koti la kuazima, akiita majina kama kondakta. Papa Justin, ambaye hakuwa raia bado na alikuwa amesema watu wakae, alitoa gari lake dogo, akabeba watu mpaka tairi zikabonyea. Mimi nilimpeleka Mama Venansia kwa miguu. Kituo kilikuwa ukumbi wa michezo wa shule ya msingi. Alivaa kitenge kile kile cha njano. Mlangoni alisimama, akanishika mkono kwa nguvu.

"Askari wako wapi?"

"Hakuna askari, Mama."

Alichungulia. Mezani walikuwa wameketi wazee wawili, mwanamume na mwanamke, wakila biskuti kutoka kwenye kopo, na mmoja alimpungia mkono aingie. Aliingia peke yake. Nilimwona akiinama nyuma ya kizuizi cha plastiki cha kupigia kura, kitenge kimechomoza chini, kwa muda mrefu hata nikadhani kuna tatizo. Alitoka amebandika kifuani ile alama ndogo wanayopewa waliopiga kura.

"Nani anajua niliyemchagua?" aliniuliza.

"Hakuna anayejua."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Vizuri," alisema. "Sikwambii."

Tulishindwa. Ilikuwa kwa kura chache, na jioni ile ile Craig alitueleza kwa ukweli, saluni imejaa watu na sufuria ya maharage haijaguswa: mitaa ya wenye nyumba ilituponyoka, na kipeperushi kilikuwa kimefanya kazi yake. Bi Loretta alilia kidogo. Kisha alipiga simu, tukamsikia akisema, "Hongera, diwani, ulipambana vizuri," akacheka kwa jambo aliloambiwa upande wa pili. Wairimu alikuwa amekaa chini ya mashine ya kukaushia, uso mikononi. Kisha Craig aligeuza ramani yake kutuonyesha majengo yetu, yale yaliyokuwa meupe. Kituo chetu kilikuwa kimepata wapigakura ambao hakuna uchaguzi wa udiwani uliowahi kuwaona. "Sikujua kwamba inawezekana," alisema Craig, akamwendea Wairimu akampa mkono. Alipomaliza akaja kwangu.

Asubuhi nilipita saluni nikienda kazini. Ilikuwa imefunguliwa. Bibi wa Jumatano alikuwa kitini, kichwa kimejaa rangi. Mama Venansia alikuwa amekaa pembeni, mkoba magotini. Aliomba ruhusa kazini, akaja kwa miguu ili ajionee kwa macho yake. Hakuwa na Kiingereza cha kutosha kusema alichokuja kusema, wala Bi Loretta hakumuuliza. Alimpa chai. Nilisimama dirishani nikiwatazama, mwanamke aliyeshindwa akichanganya rangi kwenye bakuli na mwanamke aliyekuja kuhakikisha kwamba kushindwa ni hivyo tu, na basi likaja likapita, nami sikulipungia mkono.

Februari diwani alikuja kwenye apatimenti zetu. Katika vipindi vyake vyote vya udiwani hakuwahi kukanyaga pale, lakini yeye pia alikuwa na mtu wa kumsomea ramani. Alibisha mlango mmoja baada ya mwingine, amevaa koti zito, akiuliza watu wanataka nini, na kila mlango, hata ule wa Papa Justin asiye na kura, alijibiwa jambo moja. Mwezi uliofuata aliitisha mkutano kwenye ukumbi wa maktaba, akatangaza kwamba basi la Jeffersontown limebaki kwenye bajeti na kwamba yeye ndiye aliyelipigania. Labda ni kweli alilipigania. Kabla hajamaliza sentensi, Bi Loretta alikuwa amesimama mstari wa mbele akipiga makofi, na ukumbi wote ukasimama kwa kumfuata yeye.

Nilimsogelea watu walipokuwa wakitoka. "Bi Loretta, hukuumia? Jambo lilikuwa lako, naye amelichukua."

"Mimi niligombea ili basi lipite," alisema. "Linapita." Lakini macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa yakimtafuta diwani katikati ya watu. Alimwona karibu na mlango, akaniacha nimesimama, akaenda akamshika kiwiko kwa mkono ule ulioshika vichwa vya nusu ya mji. Nilisikia akimweleza kwamba kituo cha mbele ya saluni yake hakina kibanda, watu wananyeshewa, na angependa kujua kazi ya kukijenga itaanza lini. Diwani alisema atalifikiria. Akasema pia kwamba ana mkutano mwingine. Nilipotoka nje Bi Loretta bado alikuwa amemshika kiwiko.